Picha Niliyoificha Katika Kopo la Maziwa

Ziwa ndilo lililonitoa nyumbani. Msimu uliopita wa mvua Tanganyika ilipanda tena hapa Uvira, ikaingia mtaani kwetu bila kubisha hodi, na kwa siku kadhaa mimi na binti yangu Riziki tulihamisha vitu kutoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma, na vya chini kwenda juu ya kabati. Katika kuhamisha huko mkono wangu ulishika kopo la maziwa ya unga lenye kutu, ambalo sikuwa nimelifungua tangu nilipoacha kazi ya kupiga picha. Ndani mlikuwa na negativu za picha zangu za zamani. Nyingi zilikuwa zimegandana kama sombe, majani ya mihogo, iliyolala chunguni. Moja tu, iliyofungwa peke yake katika karatasi ya daftari, ilikuwa nzima. Niliijua kabla ya kuifungua.

Niwaeleze kwanza kosa lenyewe, maana bila hilo safari hii haina sababu. Nilipokuwa kijana nilikuwa na studio Baraka, na watu wa pwani yote ya ziwa walinijua kama Foto Ramazani. Rafiki yangu Asende, mwalimu wa Fizi, alipooa aliniita nikapige picha za harusi. Nilipanda mlima na filimu moja tu. Ilitosha, kama ningekuwa na akili. Lakini njiani niliona mawingu yamekaa juu ya mto Mutambala kama pamba, nikapiga. Niliona ng'ombe wakishuka kutoka nyanda za juu za Minembwe na vumbi limewazunguka, nikapiga. Nilikuwa na njaa ya kuona, na kila kitu kilikuwa chakula. Asubuhi ya harusi nilibaki na pozi moja, yaani nafasi ya picha moja tu.

Na hiyo moja niliimaliza vilevile. Nilipita nyuma ya nyumba, jikoni, jua likiingia kupitia matundu ya mabati na kuukata moshi vipande vipande. Katikati ya moshi alisimama mama wa bibi harusi, Mama Eliza, mwiko mkononi, akicheka. Sikumwambia asimame sawa. Nilibonyeza tu, kwa ajili ya macho yangu mwenyewe.

Sasa, sisi wapiga picha wa wakati ule tulikuwa na hila moja. Watoto wakikuzunguka wakitaka kupigwa picha, nawe huna filimu ya kupoteza, unawamulikia flashi kamera ikiwa tupu, wanafurahi, wanaondoka. Tuliiita picha ya mwanga. Siku ile niliwapiga watu wazima picha za mwanga kutwa nzima: bibi na bwana harusi, wakwe, padri, kwaya. Mama Eliza alikuwa ameshavaa kitenge chake kipya, akasimama mara mbili, na mara mbili akaniuliza, "Umeniweka?" Mara mbili nilimjibu, "Nimekuweka, mama." Baadaye nilituma habari Fizi kwamba filimu iliungua.

Mvua zilizofuata Mama Eliza alikufa kwa homa. Hakuwa amepigwa picha nyingine maishani. Mauwa, yule bibi harusi, alishuka mpaka studioni kwangu kuuliza kama hata kipande kimoja kilipona. Kopo lilikuwa juu ya rafu, nyuma ya kichwa changu. Ningempa ile picha ya moshi angejua kwamba filimu haikuungua, na kwamba nilikuwa mwongo. Nikamwambia, "Yote iliungua, shemeji." Alinishukuru kwa kujaribu. Hiyo shukrani ndiyo iliyonikaa kooni miaka arobaini kasoro.

Maji yalipopungua niliipeleka negativu ile kwa Neema, mwanamke mwenye duka la picha karibu na soko letu. Aliiweka negativu juu ya kioo chenye taa, akaigeuza kwenye kompyuta, na Mama Eliza akatokea, mzima, akicheka.

"Papa, huyu mama anachekea nani?" Neema aliuliza.

"Sijue, mwanangu. Watu wa jikoni."

"Ni weye uliipiga? Na zingine ziko wapi?"

Nilimwambia aitoe kubwa, karatasi nzito. Nyumbani niliiweka katikati ya madaftari mawili ya Riziki, nikafunga na kamba. Nikachukua na kamera yangu ya zamani, sijui kwa nini. Labda mtu akienda kujisalimisha hubeba na panga lake.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu, nilikaa nyuma ya pikipiki ya Heri, baba wa watoto sita, ambaye hupeleka watu Baraka na kurudi. Riziki alinifunga sweta kiunoni kama mtoto wa shule. Barabara ya kusini mnaijua: mlima unakusukuma kutoka kulia, ziwa linakuvuta kushoto, nawe unapita katikati ukiomba visikubaliane. Heri aliongea njia nzima bila kugeuza kichwa, nami nilipata nusu ya maneno, nusu nyingine ilichukuliwa na upepo.

Makobola, kijiji kilichopoteza watu wengi wakati wa vita, Heri alinyamaza. Hakuna aliyemwagiza. Ndivyo madereva wengi wanavyopita pale. Nilitazama mihogo iliyosimama mashambani na wamama waliokuwa wakipalilia, mmoja akainua mkono kutusalimu. Niliinua wangu. Tulipovuka kijito cha mwisho Heri alianza tena palepale alipoachia, kuhusu mkwe wake.

Mboko, kama saa tatu, tulishuka kunyoosha miguu. Mihogo iliyomenywa ilianikwa ukingoni mwa barabara, nyeupe, na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kando yake, zinang'aa. Nilikaa kwenye gogo kwa mama mmoja anayeuza chai na mikate. Alinitazama nilivyoshika mgongo, akaitazama na pikipiki.

"Muzee, weye na ile moto, nani anabeba mwenzake?"

"Leo tunabebana," nilimjibu.

"Basi lipa chai ya babili!"

Wateja wake walicheka, hata mimi. Jua lilikuwa limeingia katika mvuke wa kikombe changu na kupaka mashavu ya yule mama rangi ya shaba. Zamani ningetoa kamera. Sasa nina simu ambayo pozi zake haziishi, lakini vidole vilikataa. Nilikuwa na woga wa kijinga kwamba nikipiga hapa, Fizi nitakuta tena sina kitu.

Baraka tulifika adhuhuri, tukiwa wekundu kwa vumbi. Nilimwomba Heri anipitishe palipokuwa studio yangu. Wanauza paneli za jua siku hizi. Ukutani, chini ya chokaa mpya, bado unaona kidogo bawa la ndege niliyoichora ili wateja wasimame mbele yake kama wasafiri. Mwenye duka, mtu wa makamo, alinitazama kwa muda.

"Weye ni Foto Ramazani?"

"Ndiye."

"Ulinipiga picha nikiwa mutoto! Nilikaa ku pikipiki ya mbao. Sikuonaka ile picha hata siku moja."

Nilimwambia ukweli, kwamba huenda ilikuwa picha ya mwanga. Alicheka mpaka akashika mlango. "Kumbe! Na mi nilikaza uso vile!" Niliondoka pale nikiwa mwepesi kidogo. Kosa dogo lilikuwa limesemwa, na mbingu haikuanguka. Lakini nilijua kwamba huyu hakufiwa na mama ndani ya ile picha.

Alasiri nilikuwa kwa dada yangu mdogo Mwamini, karibu na msikiti, ambako alinipikia samaki wa mikeke wa kukaanga na bukari, ugali wetu. Yeye na mimi tumebaki wawili tu kwetu, na huniita yaya, kaka mkubwa.

"Yaya, umekuya na moto? Na ule mugongo yako?"

"Mugongo niliuacha Mboko. Nitaupitia nikirudi."

Baada ya kula nilimfungulia madaftari. Aliitazama picha, akafuta mikono kwa kitenge, akaitazama tena. Nilimweleza yote. Hakucheka.

"Miaka yote hii napitana na Mauwa ku soko," alisema. "Ananiuliza: yaya wako iko muzima? Mi najibu: iko muzima. Na weye uko na mama yake mu kopo."

"Mwamini, nilikuwa nafikiri... Heri ana safari ya kurudi kesho. Kama wewe ungempelekea Mauwa hii picha, halafu mimi..."

"Mi?" Aliinuka na sahani. "Mi ndio niliificha? Utapanda Fizi kesho. Na akikupiga na mwiko, usinitafute."

Jumanne asubuhi Heri alikubali kunipandisha. Tuliuacha uwanda wa ziwa, tukavuka Mutambala, tukaanza kupinda na mlima. Hewa ilipoa, migomba ikazidi, na kwenye kona moja tulikutana na ng'ombe wa nyanda za juu wakishuka na wachungaji wao, makoti marefu, fimbo mabegani. Heri alizima pikipiki kuwapisha. Nilitazama vumbi lile lile, pembe zile zile, kama filimu imerudishwa nyuma.

"Hupige, muzee? Ni muzuri hii," alisema Heri.

"Niliwahi kuwapiga. Walinigharimu."

Hakuelewa, nami sikumweleza. Tulingoja wapite wote.

Fizi, saa nne. Nyumba ya Asende ni ya matofali na mabati, na jiko nyuma. Ile ya zamani iliteketea wakati wa vita. Walikimbilia ng'ambo, Tanzania, wakakaa kambini miaka, wakarudi na kujenga upya palepale. Nilimkuta barazani akipigilia misumari kwenye kigoda. Amekonda, miwani imefungwa kamba, lakini sauti ni ile ya darasani.

"Rama! Mutu mubaya! Ulisema unakuya nikikufa?"

"Nilikuja kuhakikisha."

Tulishikana mabega, wazee wawili, kila mmoja akimpima mwenzake uzito. Alinipa kile kigoda, kikanipokea kwa kelele. Tulicheka, tukataja waliokufa na waliozaa. Kisha Mauwa akaingia uani kutoka shambani, kikapu cha mihogo kichwani.

"Shemeji! Hata simu hukupiga? Leo tutakula nini sasa?"

Nilisimama. Nilikuwa nimetengeneza hotuba toka Uvira, yenye mwanzo na mwisho. Yote ilipotea. Nilisema tu, "Mauwa, filimu haikuungua. Kamera ilikuwa tupu tangu asubuhi. Nilimaliza pozi njiani kwa kupiga ng'ombe na mawingu, nikaona haya kusema."

Alishusha kikapu polepole. Wa kwanza kuongea alikuwa Asende, akiutazama msumari wake.

"Mi nilijua."

"Ulijua nini?" Mauwa aligeuka.

"Nilimuona ile asubuhi nyuma ya nyumba, anatoa filimu mu kamera. Hakurudisha ingine. Lakini bakwe walikuwa wanajipanga tayari, ningesema nini? Mauwa, mi nilisimama vizuri tu, kama vile iko filimu."

"Kumbe mulikuwa babili!" Mauwa alipiga makofi mara moja, makavu. "Bwana yangu na rafiki yake! Mi nilitembea mpaka Baraka na miguu, natafuta sura ya mama, na bwana yangu alikuwa anajua hakuna kitu!"

"Kulikuwa na kitu," nilisema.

Nilimkabidhi madaftari yaliyofungwa kamba. Aliikata yeye mwenyewe kwa kisu cha mihogo. Madaftari yakafunguka, na Mama Eliza akawa pale katika jua la uani kwake, mwiko mkononi.

Nilimwambia na hili la mwisho, kwamba siku aliyokuja studioni kopo lilikuwa nyuma ya kichwa changu. Aliishika picha kwa kingo, kama sahani iliyojaa, akaingia nayo ndani na kufunga mlango.

Mimi na Asende tulikaa. Aliacha kupiga misumari. Kuku walizunguka kikapu cha mihogo, hatukuwafukuza. Sijui ulikuwa muda gani. Ulinitosha kufikiri kwamba Heri hajafika mbali, na kwamba nikipiga kelele barabarani atanisikia.

Kisha tukasikia kicheko ndani. Kidogo kwanza, halafu kikubwa, chenye machozi ndani yake. Mlango ulifunguka. Mauwa alikuja moja kwa moja kwangu, akaweka kidole kwenye ukingo wa picha, ambapo mkono wa mtu unaingia kutoka nje, ukielekea sufuria.

"Huu ni mukono ya nani?"

"Wa mpishi mmoja. Sikumjua."

"Mupishi?" Alipandisha mkono wa blauzi. Kwenye kiwiko kulikuwa na kovu la moto, umbo la jani. Kwenye picha, kiwiko kile kile, jani lile lile. "Bibi harusi hatokake ku chumba asubuhi. Lakini njaa! Nilitoroka, nikaingia jikoni, nikaiba nyama. Mama akanikamata. Ndio anacheka! Anachekea mi!"

Miaka yote ile nilidhani naijua picha hiyo. Nilijisifu kimoyomoyo kwa mwanga wake, kwa moshi wake. Kumbe sikuwa nimeona kilichokuwamo. Aliyeweza kuiona alikuwa mtu mmoja tu duniani, na huyo ndiye niliyemficha.

"Mama angesimama mbele ya kamera yako," Mauwa alisema, sasa taratibu, "angekaza uso kama sanduku. Kila mutu alikuwa anafanya vile. Hapa ni yeye. Ni yeye kabisa." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Lakini weye, shemeji, uko mutu mubaya."

"Najua."

"Ningemuonesha batoto yangu bakiwa bado badogo. Sasa ni bakubwa, hawakumujua."

"Najua, Mauwa. Hilo siwezi kulirudisha."

"Huwezi." Alikiokota kikapu chake cha mihogo. "Ya kusamehe tutaongea siku ingine. Leo, mwiko iko pale. Babili munapika."

Saa saba mchana, basi, mwalimu mstaafu na mpiga picha mstaafu walikuwa jikoni Fizi. Asende alitwanga sombe, akijipiga vidole. Mimi nilipewa bukari. Kabla sijaanza, Mauwa aliiona kamera yangu ya zamani shingoni.

"Na hii? Fungua tuone."

Nilisita. Akaifungua mwenyewe nyuma, kwa kucha, akawaonyesha jirani zake wawili waliokuja kuangalia tamasha.

"Bamama, kuyeni muone! Hata leo iko tupu!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Asende alicheka zaidi ya wote, mpaka Mauwa akamkumbusha kwamba yeye hana haki ya kucheka. Mauwa akaniomba simu. Riziki ameniwekea kamera nzuri humo. Nilimwonyesha mahali pa kubonyeza. Kisha nikarudi kwenye sufuria, moshi ukaniingia machoni, bukari ikashika mwiko ikakataa kuuachia, nikaanza kugombana nayo kwa sauti, na nilipoinua kichwa nilimkuta Mauwa amesimama mlangoni, simu mbele ya uso.

"Umeniweka?" nilimwuliza. Neno lilitoka kabla sijajua ni la nani. Yeye alijua.

"Sijue," alisema. "Ngoja tuone kama itaungua." Akazima simu, akaitia katika mfuko wangu wa shati. "Usiangalie hapa. Utaiangalia Uvira. Ungoje na weye kidogo."

Bukari ilikuwa na madonge. Tuliila yote.

Jumatano, kurudi. Mauwa alinifungia mihogo na akanipa mkono, si wa furaha sana, si wa hasira. Picha ya mama yake ilikuwa tayari ukutani, na Asende aliponisindikiza alisema kwamba toka alfajiri mkewe amekwisha kuisalimia mara tatu. Heri alirudi kunichukua, akanishusha Baraka nimwonyeshe Mwamini kwamba kichwa changu ni kizima, nikalala kwake. Kesho yake, Mboko, yule mama wa chai aliniuliza kama nimeukuta mgongo wangu. Kila mara mkono ulikwenda mfukoni, na kila mara niliurudisha. Siku mbili za kungoja picha moja, tena nikijua imo. Mauwa alingoja akiwa ameambiwa haipo.

Uvira, Alhamisi, nilikwenda kwanza kwa Neema, kabla ya kunawa vumbi. Tuliifungua pamoja kwenye kompyuta yake. Imepinda, na kidole gumba cha Mauwa kimeziba kona ya juu. Katikati ya moshi mzee mmoja ameng'ang'ania mwiko, mdomo wazi, macho yamefumbwa nusu, hana hata habari kwamba anatazamwa. Nimewapiga watu maelfu na sikuwahi kujiona hivyo. Neema alitaka kuikata ile kona yenye kidole. Nilimkatalia.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimejifunza kwa kuchelewa. Nilidhani picha niliyoipiga kwa ajili ya macho yangu ni yangu. Jicho lilikuwa langu, ndiyo, na sijutii hata wingu moja. Lakini kicheko kilikuwa cha Mama Eliza na mkono ulikuwa wa Mauwa, nami niliwafungia wote wawili gizani ili mtu asinione mimi. Wewe unayesoma haya, kama una kopo juu ya kabati, shuka nalo.

Picha ya Mauwa nimeitundika chumba cha mbele. Ukutani pale kuna mstari wa kahawia, alama ya mahali ziwa lilipofika. Nilipanda kwenye kiti, nikapigilia msumari juu yake, mbali kidogo, ili hata likirudi lisiifikie. Kisha nikampigia simu Mauwa, Fizi.

"Haikuungua," nilimwambia.

"Ulikuwa na bahati," alisema, nikamsikia akicheka. "Bukari yako ndio iliungua."